Koki ya boya imefunga, hata usiku

Hatimaye tangi la uani limeacha kumwaga. Tangu kaskazi ianze kuvuma, maji ya mfereji hapa mtaani kwetu Unguja huja kwa nguvu usiku wa manane tu, na kila alfajiri nilikuta ubavu wa tangi umerowa hadi chini, ilhali mchana tunapimiana maji kwa kata.

Kilichonikera ni kwamba mchana koki ya boya, ambayo hufunga maji tangi linapojaa, haikuwa na kasoro: ukiliinua boya kwa mkono, maji hukatika papo hapo. Mpira wake wa kuzibia niliubadilisha, na huo mpya ukavuja vilevile. Fundi alinishauri, "Mwanangu, nunua koki nyingine upumzike," lakini sikukubali kununua kitu ambacho ubovu wake sijauelewa. Jibu nililipata usiku, juu ya ngazi, tochi mkononi. Saa hizo majirani wamefunga mifereji yao, nguvu ya maji katika bomba hupanda, na boya dogo haliwezi kuishinda. Tena, ukingo wa tundu unapokaa mpira ulikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, wenye ufa mwembamba kama unywele, na humo ndimo maji yalimopita. Visima vyetu vimo katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo chokaa haiepukiki.

Kipande cha shaba chenye tundu hilo nilikilaza ndani ya siki usiku kucha. Kikatoa vipovu, ukoko ukalainika, nikaumalizia kwa mswaki mkuukuu. Msasa siutaki hapo, kwani kila mkwaruzo ni njia mpya ya maji, wala koleo, linalokula pembe za nati. Kisha nikaweka boya kubwa zaidi na kuupinda mkono wake kuelekea chini, ili lizame zaidi na kusukuma kwa nguvu kabla maji hayajafika tundu la kumwagia. Mkono wa plastiki usingepindika. Ndiyo maana naipenda shaba.

Nilikusudia sasa kuyaelekeza maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, kwenye migomba. Bomba lake bado limelala uani, maana nimevutwa na jambo jingine: mpira mwembamba wa kupitishia maji, unaoonyesha ndani, uliounganishwa chini ya tangi na kupandishwa ubavuni, uonyeshe kimo cha maji. Tangi lenye kipenyo cha mita 1 hubeba karibu lita 8 kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo alama za wino zitatosha kunionyesha kinachopotea usiku, nami tayari nakishuku choo.