Kwa nini sijauza zebu wangu

Hapa Tororo majirani hunicheka kwa kufuga zebu, wale ng'ombe wadogo wenye nundu, maziwa yao kikombe tu. Wacheke. Juzi nilipapasa masikio ya Friziani wa shemeji: kupe wa kahawia tele, wamevimba damu. Zebu wangu, malisho yale yale, alikuwa na wachache, tena wamesinyaa. Kupe akiuma, ngozi ya zebu huwashwa upesi. Anajilamba, anajikuna, kupe anang'oka kabla hajashiba. Manyoya yake mafupi nayo hayampi kupe maficho. Friziani katokea Uholanzi, ukoo wake haukuzoeana na kupe hawa. Wa Ankole wenye pembe ndefu, kwa macho yangu, wapo katikati. Hata hivyo zebu nao nawapulizia dawa, maana kupe mmoja mwenye ugonjwa wa ndigana kali anaweza kumwangusha ndama.