Karafuu tatu, ya nne inaharibu

Mashine inalia toka jana saa mbili usiku, jirani wa juu kashanitumia meseji kuuliza kama nimeingiza jenereta ndani, nikamjibu nasaga chokoleti, akatuma vikatuni vya kucheka akanyamaza. Ndo hivyo, kokoa ya Kyela kilo mbili inataka karibu masaa 24 mpaka ulimi usisikie mchanga.

Hiyo mashine yenyewe ni ile ya mawe ya India Kusini, wanayosagia mchele na choroko nyeusi zilizolowekwa za kupikia dosa, zile chapati zao nyembamba. Watengenezaji wadogo wa chokoleti kule Marekani wakagundua inasaga na kokoa, basi ikaenea karakana ndogo karibu dunia nzima. Mi hua nawaza, India Kusini hukohuko ndo ilikotoka pilipili manga ikipandishwa majahazini kusubiri kaskazi, na sisi tukaiita manga yaani ya Uarabuni kisa walioileta ni Waarabu, mmea wenyewe wala haukuotea huko 😄

Chokoleti yangu naitia viungo, na watu wananiambia hiyo ni fasheni ya juzi. Hapana jamani. Waazteki, watu wa Mexico ya kale, walikunywa kokoa na pilipili kali na vanila, Wahispania walipoichukua wakatia sukari na mdalasini uliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Hata karafuu zetu ni wageni, asili yake Maluku, visiwa vya Indonesia, Wadachi wakazibania kweli kweli mpaka Mfaransa Pierre Poivre akafanya mpango miche ikatoroshwa kwenda Mauritius kwenye mwaka 1770 hivi, Unguja ikafika mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikalaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona, na hadi leo ukitaka karafuu unaitazama Pemba.

Mara ya kwanza nilitia kijiko kizima cha karafuu ya unga kwenye kilo moja. Mdomo uliganda kama nimetoka kung'olewa jino, na si utani, yale mafuta ya karafuu yanatia ganzi, na madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu ya jino. Mara ya pili nikajitia mjuaji na tangawizi mbichi, nikasahau kwamba chokoleti na maji haziivi chungu kimoja, matone machache tu ikakazana kama udongo wa mfinyanzi, nusu kilo nikaishia kuipikia keki. Siku hizi nakaanga viungo vikavu kwenye kikaango bila mafuta, nikisikia harufu imepanda navitumbukiza kwenye siagi ya kokoa, yaani mafuta ya kokoa yenyewe, iliyoyeyuka, nalaza usiku kucha karibu na jiko, asubuhi nachuja. Nusu kilo ya chokoleti karafuu tatu tu, iliki nane, na mdalasini kipande cha kidole.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi Kyela. Ana miti ya kokoa miaka yote, anajua kuvundika mbegu kwa majani ya mgomba, anajua kuanika, ila chokoleti ya kokoa ya kwao alikuwa hajawahi kuitia mdomoni. Akamega ile tupu isiyo na viungo, kokoa asilimia 70, akakunja uso, "mwanangu, sukari iliisha dukani?" Nikampa ya iliki na karafuu. Akatafuna taratiibu, akasema hii inanukia pilau ya Idi kwa jirani yake, kisha akaifunga iliyobaki kwenye kanga na sikuiona tena.