Limfosaiti za yule mzee

Julai 2021, korona ya aina ya Delta ilipopamba moto Mombasa, nilikuwa zamu ya usiku maabara. Saa saba kasorobo nikaletewa chupa za damu ya mzee mmoja. Ile ya kifuniko cha buluu, ya kupimia D-dima, dalili ya damu kuganda mwilini, ilikuwa nusu.

Chupa ya buluu haina huruma. Ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, na imepimwa: sehemu moja kwa tisa za damu. Damu isipofika kwenye mstari, jibu huwa si la kuaminika. Nikapiga simu wodini.

"Dada, mishipa ya mzee huyu imejificha. Nishamchoma mara tatu," muuguzi akasema.

"Pole, dadangu. Lakini hii siwezi kuipima."

Huku nikingoja, nikaingiza mashinani ile ya kifuniko cha zambarau, ya hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu. Chembe nyeupe kwa jumla hazikuwa na neno, na mwenye haraka angeishia hapo. Ila limfosaiti, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, zilikuwa 0.4, ilhali kwa mtu mzima tunataka zianzie 1.0. Nyutrofili, aina nyingine, zilikuwa 6.0, yaani mara 15 ya limfosaiti. Mtu mwenye afya huwa kati ya mara moja na tatu. Sikuiamini mashine peke yake. Nikapaka damu kwenye kipande cha kioo, nikaitia rangi, nikaiangalia kwa hadubini. Nyutrofili zimejaa tele. Limfosaiti nazitafuta kama sindano iliyoanguka mchangani.

Nikampigia daktari. Akaniambia mzee ameketi kitandani, anaongea na wanawe kwa simu.

Chupa ya pili ikaja imejaa barabara. D-dima 2.3. Utafiti wa Wuhan wa wagonjwa 191, uliotoka Machi 2020, ulionyesha kuwa waliolazwa D-dima yao ikiwa imezidi 1 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufia hospitalini. D-dima ni mabaki ya damu iliyoganda ikayeyushwa, na korona ilikuwa ikigandisha damu mapafuni. CRP, protini ambayo ini huitengeneza mwili unapowaka ndani, ilikuwa 140, juu sana.

Hata hivyo si namba zangu zilizoamua dawa. Deksamethasoni ilikuwa ya mgonjwa anayehitaji oksijeni, CRP iwe kubwa iwe ndogo. Kazi ya namba zile ilikuwa kumfanya daktari asiende mbali na kitanda kile. Alfajiri oksijeni katika damu ya mzee ikashuka hadi asilimia 88. Mtungi ulikuwa tayari uko kando yake.

Jambo linaloniuma hadi leo ni watu waliokopa pesa wapimwe D-dima, ilhali hemogramu ya bei nafuu wameikunja mfukoni haijasomwa zaidi ya mstari wa kwanza. D-dima hupanda pia kwa uzee, kwa mimba, baada ya upasuaji. Na kipimo cha siku moja kinasema machache. Limfosaiti za mzee tulizipima kila baada ya siku mbili: 0.4, 0.4, 0.6, 0.9.

Septemba alirudi kliniki, akapitia maabara na bahasha ya karatasi zake zote, amezipanga kwa tarehe.

"Mwanangu, nionyeshe ile iliyokutisha."

Nikamwekea kidole kwenye 0.4. Akavaa miwani, akaitazama kitambo.