Mimi na sindano, wapi na wapi

Jumamosi, usiku

Leo nimerudi na uzi mwekundu umening'inia kwenye mkono wa sweta. Kwenye basi watu wameutazama njia nzima, hakuna aliyeniambia. Waingereza hawa!

Parokia yetu hapa kusini mwa Uingereza inashona upya mito ya kupigia magoti, maana ya zamani imeliwa na nondo. Unapewa kitambaa kigumu chenye matundu kama chekecheke, na kazi yako ni kuyajaza kwa uzi wa sufu, mshono mmoja mmoja wa kulalia upande, mpaka kitambaa chenyewe kisionekane. Si kama vile vitambaa vya makochi tulivyodarizi Muheza, ua moja pembeni na sehemu iliyobaki nyeupe. Huku hata pasipo na ua panashonwa. Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na ndipo wanapoanzia wageni.

Nami nilianzia hapo mwaka jana, kwenye buluu tupu, nikijiona fundi. Sikuuliza mtu. Nikakata uzi mrefu ili nisitunge sindano kila mara (uvivu tu), nikapiga fundo mwishoni. Sufu ilivyopita na kupita matunduni ikachakaa, ikawa kama utando wa buibui. Halafu, mkono uliponichoka, nikakigeuza kitambaa ubavu nikaendelea. Nilipokirudisha, mistari sita ilikuwa imelalia kushoto, ya wenzangu yote kulia. Rangi ni ileile, lakini kwenye mwanga wa dirisha kile kiraka kilionekana kama kimelowa maji.

Bibi mmoja aliyepita themanini alikiona. Akavuta kiti, akatoa mkasi wake mdogo, tukafumua, yeye juu mimi chini, karibu saa nzima. Uzi uliofumuliwa haushoneki tena; aliuviringa donge akautia mfukoni. Kisha akanipimia mwingine mkononi mwangu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Nikacheka peke yangu. Kumbe dhiraa! Fundo hatupigi: unaacha mkia nyuma, mishono inayofuata inaukanyaga. Na sindano yenyewe ni butu, kwa hiyo mnaoogopa kujichoma, hiyo sababu imeshakufa.

Leo nimemshawishi kijana wetu wa Tanga, anayefanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Kabla hajakaa: "Dada, mimi na sindano, wapi na wapi? Hii si kazi ya akina mama?"

Nikamwambia kuhusu Louisa Pesel. Huyu mama aliwafundisha kudarizi, mjini Bradford, askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa wamevurugika akili kwa mizinga. Baadaye, kuanzia 1931, aliongoza watu wa kujitolea kushona mito ya kanisa kuu la Winchester. Ipo mpaka leo, zaidi ya 300, na nimeiona kwa macho yangu. Ukiisogelea sana unaona mkono huu ulivuta uzi kwa nguvu, huu uliulegeza. Ukirudi nyuma hatua mbili huoni tena.

Sijui kama ni Pesel aliyemkalisha au ni keki. Ila alikaa. Mstari wa kwanza ulimchukua dakika ishirini, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wa nne aliumaliza bila kuinua kichwa, chai yake imeshapoa. Kisha akauliza, "Hapa nilipojaza mimi, litakuja goti la nani?" Swali hilo mimi sikuwahi kujiuliza mwaka mzima.

Alitaka kwenda na mto nyumbani. Nikamkatalia, nikampa sindano na kipande cha kujaribia.

Upande wa dirisha bado kuna viti vinne. Tunaanza saa nne asubuhi. Wenye miwani ya kusomea, njooni nayo.