Nilivyoufuatilia ukoo wetu kihambani, kwa makaburi na chungu cha kiburu

Kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, huhitaji kwenda mbali kuwatafuta wafu wako. Wamelala kihambani, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na mikahawa, hatua chache tu kutoka nyumbani. Nilipoamua kuuandika ukoo wetu wazee wakiwa bado wapo, nilianzia hapo hapo.

Makaburi ya saruji yalisomeka. Niliyasugua kwa maji na brashi laini (brashi ya waya inakwangua maandishi), kisha nikayasoma asubuhi, jua likipiga kwa ubavu. Herufi zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi zikajitokeza: jina la ubatizo na mwaka wa kufariki. Nikaenda nazo usharikani. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na kwetu mwaka 1896, hivyo vitabu vya ubatizo vinakwenda nyuma kuliko makaburi yetu ya saruji. Humo nikampata babu mzaa babu, na jina la baba yake ambaye hakubatizwa.

Huyo wa mwisho ndiye aliyenihangaisha. Zamani Mchaga mwenye mji wake alizikwa ndani ya nyumba. Baada ya muda mifupa ikafukuliwa, na fuvu likawekwa kihambani penye mimea ya masale. Hakuna maandishi. Wazee wa kiume walinisimulia vita na ng'ombe kwa kirefu, lakini nilipouliza ni wapi hasa, kila mmoja alinyoosha mkono upande wake. Wanaojua ni wanawake walioolewa pale. Ndio waliokata majani ya ng'ombe na kupanda maharage kila pembe, na mama wakwe zao waliwaonyesha pasipoguswa.

Ila hawasemi ukiwakalia na daftari. Niliingia jikoni kwa bibi, mke wa mdogo wake babu, tukamenya ndizi mshare za kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage. Maharage yalikuwa yameshaanza kuiva. Akapanga ndizi juu yake, akatia magadi kidogo, akafunika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni.

"Mama mkwe alinifundisha hivi hivi," akasema, akamtaja kwa jina, akataja na kwao, Kirua.

Nikamuuliza mama mkwe alikuwa akipikia wapi.

"Si pale penye masale? Nyumba ya zamani ilikuwa pale. Usije ukapanda kitu, mjukuu wangu. Pana mtu."

Akamtaja. Lilikuwa jina lile lile la kitabuni.

Niliwaita baba zangu wadogo waje wasikie wenyewe, bibi akarudia yote mbele yao. Desemba, wa mjini wakipanda nyumbani, tutaweka kibao cha jina kando ya masale, bila kuyang'oa. Mimi baada ya hapo naelekea Kirua. Bibi ameshanitajia mji wa kuanzia, na kuna shangazi huko ambaye bado anapika mbege mwenyewe.