Mbayuwayu wa sebuleni kwangu

Masika yakishalowesha udongo, mbayuwayu wawili wananiingilia ndani kila asubuhi. Wanapita mlango wa mbele, wanazunguka chini ya dari, kisha mmoja anabandika donge la tope karibu na feni na kutoka kufuata jingine. Nashona nguo za watu hapa Kihonda, Morogoro, na cherehani yangu iko karibu na mlango kwa ajili ya mwanga. Kushinda nimefunga siwezi. Joto lingenimaliza, na mteja akikuta pamefungwa anaenda kwa fundi mwingine.

Jirani aliniambia ndege anayeng'ang'ania kuingia ndani ametumwa, nisome dua. Mama, nilipompigia simu, akasema kinyume kabisa: mbayuwayu akichagua nyumba, nyumba hiyo ina heri, asifukuzwe. Dua nilisoma, maana haina hasara. Lakini nikiwatazama hawa ndege naona wanachotafuta: mahali pakavu, juu, pasipofikiwa na paka. Kichwa chao ni cha rangi ya kutu, na kiuno vilevile. Kifua cheupe kina michirizi myeusi. Ni wenyeji wa hapahapa. Mbayuwayu wa Ulaya wanakuja kwetu kukimbia baridi, hawajengi, wanarudi kwao kutaga. Hawa wanajenga, dume na jike pamoja, donge moja moja la tope, mpaka kiota kinakuwa kama kibuyu kilichopasuliwa na kubandikwa darini, na shingo yake ndiyo mlango.

Kinachonitia hofu ni feni. Nikisikia tu mlio wao naizima, hata kama jasho linanitoka. Kisha nazima taa, nafunga mapazia ya madirisha yaliyofungwa ili wasijigonge kwenye kioo, naacha mlango peke yake ndio uwe na mwanga, na mimi natoka nje kabisa. Ufagio usiguswe. Ndege anayekimbizwa anapaa juu zaidi, anazunguka darini mpaka anachoka, na mlango uko chini yake hauoni. Akiachwa atulie, anatoka mwenyewe.

Mmoja alijigonga kwenye kioo akaanguka juu ya vitambaa. Nilimfunika kwa kanga, nikamweka ndani ya boksi la viatu lenye matundu, nikaliweka chumbani penye giza, mbali na watoto. Sikumpa maji wala chakula. Ndege aliyepigwa na bumbuwazi anaweza kupaliwa. Baadaye nikamsikia anakwaruza boksi. Nikalipeleka barazani nikafunua, akaruka moja kwa moja kuelekea upande wa milima ya Uluguru.

Dari yangu imepakwa rangi ya mafuta, tope halishiki vizuri. Linadondoka. Gauni jeupe la bibi harusi, limekwisha kutiwa shanga, na donge la tope begani! Siku hiyo ndipo nilipomwita seremala. Nikamwomba apigilie ubao usiopigwa randa chini ya paa la baraza, kwenye kona ya ndani ambako mvua haifiki, kwa sababu tope hushika penye mikwaruzo. Mlangoni nikaning'iniza vipande virefu vya kitenge vilivyobaki, vinavyochezacheza na upepo. Mwanga na hewa vinapita, ndege anasita. Na tope lililokuwa sebuleni nililibandua likiwa bado bichi, kabla hakijawa kiota. Kingekuwa na mayai nisingekigusa, ningehamisha cherehani.

Waliendelea kujaribu mlango kwa muda, wakipiga kelele mbele ya vile vitenge, mpaka nikaona donge la kwanza kwenye ubao. Nilifurahi mno, nikamwita hata yule jirani aje aone. Sasa kiota kimekamilika, na mmoja anaatamia. Huwa wanachukua kama wiki mbili mayai kuanguliwa, na makinda wanakaa kiotani zaidi ya wiki mbili nyingine kabla ya kuruka. Chini nimetandika boksi lililokunjuliwa kwa ajili ya kinyesi, nalibadilisha ninapofagia. Jioni wanawinda wadudu juu ya uwanja wetu, na wala hawaangalii tena ndani.

Mwenye nyumba anataka kupaka rangi baraza mwezi huu. Nimemwonyesha kiota, nikamwomba kona ile isubiri mpaka makinda waruke. Amekubali, na fundi rangi ataanza na upande wa jikoni.