Soko la hisa limejaa wanyama, mbona punda wamemsahau?

Mi naona alobuni lugha ya soko la hisa alikuwa mfugaji, maana habari za biashara zikianza tu ni wanyama. Soko likipanda ni fahali, likishuka ni dubu, ati kwa vile fahali akipigana hurusha pembe juu na dubu hupiga mkono chini. Fahali sawa. Lakini dubu jamani? Lamu nzima hapa dubu twamuona kwa TV tu, na huyohuyo ndo ala pesa za watu.

Tena ana kipimo chake. Bei ikishuka asilimia 10 hivi kutoka kileleni waita "marekebisho", kama kwamba mtu alikosea herufi kwa barua, mpaka ifike asilimia 20 ndo ruhusa kumtaja dubu. Haya chukua Safaricom. 2008 hisa ziliuzwa shilingi 5 moja, watu wakapanga foleni, wengine wakakopa benki, maombi yakazidi hisa zenyewe mara kadhaa basi wengi wakapewa chache na kurudishiwa pesa zilobaki. Juni zikaanza kuuzwa sokoni kwa zaidi ya 7 watu wakashangilia weee, kabla mwaka kwisha ziko chini ya 5. Walovumilia wakaziona zapita 40 mwaka 2021, na 2023 zikawa chini ya 15. Hayo nayo marekebisho? Hapo si kalamu nyekundu tena, hapo daftari lote limechanwa.

Juzi pale Mkunguni twanywa kahawa, kijana mmoja wa Langoni alosomea biashara Nairobi akawa ampasha ami mmoja habari.

"Ami, kampuni fulani imetoa onyo la faida."

Ami akaweka kikombe chini. "Faida nayo yaonywa? Imekosa nini?"

"La, ami, kampuni ilo kwa soko la hisa la Nairobi ikiona faida ya mwaka itapungua asilimia 25 au zaidi, lazima iwatangazie watu mapema."

"Si waseme mambo mabaya."

"Si mabaya sana, ni faida imekuwa ndogo."

"Mwanangu, mimi nikipewa kidogo nasema nimepunjwa."

Ikawa kicheko, mwenye kahawa mwenyewe alimwaga.

Lakini nlokasirika nayo mimi ni ya paka. Hisa ikiporomoka vibaya halafu ikapanda siku mbili tatu kabla ya kuporomoka tena, wasema huyo ni paka mfu amedunda, kwamba hata paka alokufa akianguka kutoka juu sana atadunda kidogo. Gazeti la Financial Times liliyatumia maneno haya 1985 kwa masoko ya Singapore na Malaysia. Sasa wenye maneno hayo waje wayaseme hapa gatini asubuhi samaki washushwa, paka wamejipanga kama wenye hisa kwa mkutano wa mwaka, waone watakavyoangaliwa. Ami alipoelezwa aliuliza swali moja tu: alomtupa ni nani?

Na katika wanyama wote hao, punda hayumo! Kuna wakati soko miezi halipandi halishuki, wachambuzi wasema "linakusanya nguvu". Wapi. Hilo ni soko la punda. Ushamkuta punda amesimama kati ya kichochoro cha Mkomani na mifuko ya simiti mgongoni? Mbele haendi, nyuma harudi, wewe huwezi kupita, mwenye punda apiga kelele, na punda atafuna boksi taratibuu. Muulize dalali wa hisa, atakwambia uwekezaji ni wa muda mrefu, na ada yake ashakata siku ulonunua, na siku utakapouza atakata nyingine.

Kumbe ami mwenyewe ana hisa zake tangu 2008, hajauza hata moja. Kijana macho yakamtoka, akauliza mkakati wake ni upi.

"Karatasi za akaunti ziko sandukuni, ufunguo anao mke wangu."